Singo Iliyofungwa kwa Namba: Kumuaga Bi Siwema Mbaruku

Bi Siwema Mbaruku anastaafu Jumamosi hii, tarehe 7 Juni 2014, baada ya kuitumikia Studio ya Nyota Tatu, Kariakoo, kwa miaka ishirini na saba. Alikuja mwaka 1987, enzi za ruksa, deki za video zilipokuwa zikimiminika madukani, akapewa kazi ya kurudisha nyuma kanda za kukodisha. Alistahili kazi kubwa zaidi, na aliipata kwa juhudi zake, si kwa hisani yetu.

DVD zilipoingia, wengine tulimwaga harusi nzima kwenye diski kama viazi kwenye gunia. Siwema aliipanga. Picha, nyimbo na sauti, kila kimoja kwenye folda yake. Harusi ikagawanywa sura kwa sura. Kisha menyu ya vitufe. Ukibonyeza "Ndoa" unafika kwa shehe, ukibonyeza "Mnuso" unafika kwenye pilau. Mrisho, mpiga picha wetu, alimtania kwamba sasa watu watakula bila kuchangia.

Sifa yake kubwa ilikuwa singo, ile shughuli ya wanawake peke yao ya kumsugua bibi harusi na kumchezesha. Zamani tuliitengenezea diski ya peke yake, nayo haikukosa kuangukia mikono isiyohusika. Siwema aliiweka kwenye diski ile ile ya harusi, nyuma ya kitufe kinachodai namba ya siri, na namba akapewa mama wa bibi harusi tu.

"Rimoti washike wanaume," aliwaambia wateja, "namba tunayo sisi."

Mwaka 2005 alitengeneza diski ya binti wa Bi Badria wa Gerezani. Siku ya kuikabidhi, Siwema alikuwa msibani Buguruni. Mimi, Natvarlal, msimamizi wake, nilitaka kukagua rangi ya singo. Nikaielekeza diski ianzie hapo moja kwa moja, bila menyu wala namba. Nikakagua, nikasahau kuirudisha ilivyokuwa, nikatoa nakala. Ilifunguliwa ukweni kwa binti, wanaume wamejaa sebuleni.

Kesho yake Bi Badria aliingia studio, wateja wamesimama.

"Siwema! Nimekupa sitara ya mwanangu, wewe umeianika kama mitumba!"

Siwema alikwisha kufungua kompyuta na kukuta nilichofanya. Alinitazama, akingoja niseme. Mimi nikaagiza soda.

Hakuletewa singo tena. Fundi huyu amemaliza miaka tisa akipanga diski za semina na matangazo ya magodoro, na hakunitaja kwa mtu.

Madaktari wameshanieleza hali yangu, na sitaki doa langu libaki kwake nikishakuwa majivu. Bi Badria amealikwa, na amekubali kuja. Mwanangu Paras atasoma maneno haya kabla ya chakula, maana sauti yangu haifiki meza ya pili.

Juzi nilimsomea Siwema kwanza. Akasema, "Mzee Natu, ungesema hata wiki ya pili yake. Mama yangu amekufa akiamini ni mimi."

Bi Siwema, studio inakushukuru kwa kazi safi. Msamaha sikuombi hapa mbele ya watu, usije ukalazimika kuutoa. Nenda nyumbani kwa amani, upumzike, na miaka yako iliyobaki iwe ya kheri kuliko tuliyokupa sisi.