Kikombe cha Kwanza cha Mwalimu Nam Jeong-rok

Ndugu wa ukoo wa Nam, majirani wa Solgol na nyote mliotufikia leo, mimi ni Hye-won, mtoto pekee wa marehemu, na ndimi niliyeombwa kuwasomea maisha yake.

Baba, Mwalimu Nam Jeong-rok, alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa Solgol, karibu na Andong, akiwa mwana mkubwa wa nyumba kuu ya ukoo, akasomeshwa maandishi ya Kichina na babu yake kabla hajajua kufunga kamba za viatu, akaingia chuo kikuu Seoul mwaka 1957, na tangu 1964 hadi 2003 alifundisha Daegu falsafa ya Ukonfusio Mpya, yaani jinsi mafundisho hayo yalivyotoka China, yakaingia kwetu, yakatawala ikulu kwanza na baadaye meza zetu za matambiko.

Tarehe 21 Oktoba 1966 alimwoa mama yangu, Geum Sun-rye, wakanipata mimi mwaka 1969, na kwa kuwa mimi ni mwanamke, mwaka 1981 ukoo ulimchukua binamu yangu Tae-gyun, ukamwandikisha kuwa mwana wa Baba, ili awepo wa kuwamiminia mababu kikombe cha kwanza cha pombe ya tambiko, naye Baba akagonga muhuri bila kunung'unika.

Kinachoniuma ni hiki: mwaka 1988 Baba alikuta katika sanduku la nyumba hii hati ya mwaka 1611, inayoonyesha mabinti wa Nam wakishika zamu za tambiko sawa na kaka zao, akaiandikia kitabu kizima kueleza kwamba desturi ya wanaume peke yao ilikuja baadaye, mafundisho yalipokaza kamba, akasifiwa mpaka Beijing, kisha akarudi nyumbani, mimi na Mama tukapika siku mbili kwa ajili ya tambiko, tukasimama nyuma ya mlango wanaume wakimimina.

Alilazwa Januari mwaka huu kwa saratani ya ini, nikamwuliza waziwazi kama siku ya mazishi yake nitamimina mimi, akasema, "We Hye-won, kitabu ni kitabu, wazee wa ukoo nitawatazamaje usoni?" Nikamwambia, "Baba, wewe ndiye unayeondoka, utawatazamia wapi?" Akacheka mpaka akakohoa, lakini hakubadili neno, na tarehe 4 Aprili 2019, saa tatu asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia supu siku zote tatu za msiba, na walimu wenzake waliokuja kutoka Daegu. Sasa Tae-gyun atamimina kikombe, kama Baba alivyotaka, nami nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu yeye hazijui tarehe hizi.

Pumzika kwa amani, Baba. Mimi bado nina hasira.