Baba na Sefu Isiyo na Jina

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza, huu ndio wasifu wa baba yangu mpendwa, fundi wa kufuli, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Funguo. Mimi ninayewasomea ni binti yake wa pekee. Sauti ikikwama, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona nguo, katika nyumba ya kona nyuma ya kiwanda cha matofali. Alianza shule ya msingi mwaka 1957 na kumaliza 1964. Shangazi, aliyekaa hapo mbele, anasema kaka yake hakuwa mbaya darasani. Ila mwalimu mkuu alipopoteza ufunguo wa kabati la chaki, kaka alilifungua kwa waya wa baiskeli, akala viboko kwanza, akapewa shukrani baadaye.

Mwaka 1966 alianza kujifunza kazi kwa fundi mmoja karibu na stesheni ya reli, meza moja na Mzee Tupa, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mwaka 1975 alifungua kibanda chake mwenyewe. Miaka miwili baadaye alinunua sefu kuukuu kutoka duka lililokuwa likifungwa. Ni ya chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, nzito kupita kiasi, ina maua manne kwenye kona za mlango. Bamba la jina la mtengenezaji lilikuwa limeshang'oka. Yamebaki matundu mawili ya skrubu na alama iliyopauka.

Alimwoa mama tarehe 2 Desemba 1978. Mama alikuwa mpiga taipu, na droo yake ofisini iliharibika kufuli mara tatu ndani ya mwezi mmoja. "Hivi hii droo ina nini?" baba akauliza. Mama akamjibu, "Droo haina kitu. Fundi ndiye mzito wa kuelewa."

Mimi nilizaliwa tarehe 9 Machi 1981. Mama alivuja damu, akafariki wiki hiyohiyo. Waliporudi kutoka makaburini, baba aliweka ndani ya sefu shali ya mama na picha yake ya pekee, ikiwa kwenye fremu ya kioo. Ufunguo aliuweka kwenye rafu ya ndani ili apange vitu vizuri. Mimi nikaanza kulia. Akaja kuninyanyua, na kwa kuwa mikono yote ilinishika mimi, akausukuma mlango kwa kisigino. Sefu ile hujifunga yenyewe. Fundi wa kufuli akaufungia ufunguo wake ndani!

Watu walimtania, naye akacheka nao mpaka walipoondoka. Kuikata kwa moto, picha ingeungua. Kuitoboa ovyo, komeo lingekwama moja kwa moja, maana kila mtengenezaji alificha mitambo yake mahali pake. Bila kujua ni nani aliyeitengeneza, hapakuwa na pa kuanzia. Basi baba akalitafuta jina hilo maisha yake yote. Alichora bawaba, akapima alama ya bamba, akachukua umbo la mpini kwa nta, akabisha hodi kwa kila sonara na kila muuza vitu vya kale. Mwaka 1994, kwa sonara mmoja, aliona mpini uleule. Akachonga ufunguo kwa mfano wa ule wa sonara, akaja nyumbani anakimbia, mtu mzima. Haukuzunguka. Alikaa sakafuni akalia mbele yangu. "Mwanangu, sura yake inanitoka," akasema. "Sauti ninayo, sura inanitoka." Nami sikuwa hata na sura ya kunitoka.

Nilimwambia mara ngapi tuilaze tuangalie chini! "Kioo kitapasuka," alikuwa akisema. "Mtamkata uso." Hapo ndipo mjadala ulipoishia, na hata mume wangu hakuthubutu kuigusa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Macho nayo yakafifia. Aliomba kitanda chake kisogezwe kando ya sefu, akawa anaipapasa kwa vidole kutwa nzima. Alifariki Jumatatu, tarehe 5 Mei 2025. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Umepata jina?" Nikasema bado. Jamani, si ningetaja jina lolote tu!

Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, dada yake, na Mzee Tupa.

Kijitabu mlichoshika kinaishia hapo, kwa sababu kilipigwa chapa juzi. Haya mengine ni ya jana.

Jana wanaume waliokuja kuandaa sebule waliona sefu inaziba njia ya jeneza. Kabla sijapiga kelele, wakailaza. Nikasikia kioo kinapasuka ndani. Nilimrukia mume wangu, aliyekuwa nao, kwa ngumi mbele za watu. Mzee Tupa ndiye aliyenishika mkono, akanionyesha. Chini ya sefu, kwenye chuma chenyewe, jina la mtengenezaji lilikuwa limesubiwa kwa herufi kubwa.

"Maua na mipini wanaigana wote," Mzee Tupa akasema. "Lakini huyu namjua. Nilishakarabati sefu yake moja. Huyu huacha njia ya kutobolea nyuma ya ua la kona ya chini, kwa mtu aliyepoteza ufunguo."

Ua hilo baba alilifuta vumbi kila asubuhi.

Mzee Tupa alitoboa mchana kutwa. Kioo kilikuwa vipandevipande. Uso wa mama haukuwa na hata mkwaruzo. Nimemwona mama yangu nikiwa na miaka arobaini na minne. Ana mwanya. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia kwamba mama yangu ana mwanya.

Leo, kabla kifuniko hakijafungwa, niliishika ile picha mbele ya uso wa baba mpaka mkono ukachoka. Hakufungua macho.

Baba, jina tumelipata. Shali ya mama tumekufunika nayo. Picha naomba uniachie mimi. Pumzika kwa amani.