Jina ya Mutoto Kati ya Bezi

Bandugu yangu, niliomba nitoe ushuhuda wangu mbele ya wimbo, kwa sababu kisha wimbo nitakosa nguvu. Niko na haya, lakini nitasema.

Munajua kazi yangu: ninachungaka serveri ya barua-pepe ya koperative ya banamama, pale Kamembe. Barua za uongo zilitujaa: dawa, zawadi zenye hazipo. Banamama balichoka. Nikaweka liste noire, ile orodha ya batumaji babaya, bale bezi ba kudanganya batu; serveri ikiona mutu iko mule, inamufungia mulango. Ikasaidia sana. Bakanisifu, na kichwa yangu ikavimba. Nikaona uchafu mwingine unatoka Bukavu, ng'ambo ya mupaka, nikaongeza kwa mukono yangu mutandao muzima wa kule. Muzima! Mimi mwenye nilizaliwa na kulelewa Bukavu.

Sasa, maman mumoja alikuwa amegombana na binti yake, mwenye aliolewa kule bila baraka. Hata simu habakupigiana. Kisha maombi yetu moja, maman akamuandikia kwa barua-pepe: nimekusamehe, rudi. Kila asubuhi anashuka na ndizi kutoka Gashonga, anapita kwangu: «Mwana, jibu haijafika?» Ninamujibu: «Bado, Maman.» Nilimuona anakonda, na sikushituka.

Siku moja, ili nimuchekeshe, nikamuonyesha majina ya bale serveri ilikataza. «Ona bezi yetu, Maman.» Akavaa miwani. Akaweka kidole kwa ekra ya kompyuta: «Mwana, jina ya mutoto yangu inafanya nini pamoja na bezi?»

Mara saba. Binti aliandika mara saba, na kila mara serveri ilimurudishia barua. Hata kuzisoma hatukuweza. Jina tu ndiyo ilibakia.

Nililia, bandugu. Nikaondoa ule mutandao kwa liste palepale, mimi na maman tukavuka mupaka. Binti akafungua, mutoto mugongoni. Mbele ya salamu nikamuambia: «Si maman alikukataza. Ni mimi.» Maman alifungua kitenge, akabeba mujukuu.

Ninashukuru prezida wa koperative mwenye hakunifukuza, na binti mwenye alinipa chai siku ile. Liste ingali iko, bezi habajaisha. Ila sasa kila asubuhi ninasoma jina moja moja ya bale tulikataza.

Na somo si yangu, ni ya maman. Tukirudi, pale kwa daraja ya mupaka, nilimuomba maman musamaha. Akanishika mukono: «Nyamaza, mwana. Wewe ulimufungia wiki tatu, bila kujua. Mimi nilimufungia miaka mbili, na nilijua.»