Mzee Povu na Sabuni ya Hospitali

Baba yetu mpendwa, aliyeitwa Mzee Povu na mtaa mzima, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha mbao. Kwao walizaliwa wawili. Wa pili ni baba mdogo, yule pale mbele mwenye miwani ya jua.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1973. Alipenda hesabu, akachukia viatu.

Mwaka 1981 alianza kupika sabuni ya maji bandani na kuipitisha mlango kwa mlango. Alikuwa akiikoroga kwenye beseni hadi povu limfikie viwikoni, kisha akimwambia mwenye nyumba, "Shemeji, haya ni mawingu, nakuletea mpaka kizingitini." Akicheka, amenunua. Binti mmoja alinunua mara tatu kwa wiki, wala nguo za kufua hana. Ndiye mama yetu. Walioana tarehe 14 Agosti 1984.

Mwaka 2009 alianza kuiuzia hospitali. Huko hakukoroga kitu. Alikaa miezi akimsikiliza mkuu wa wafuaji, fundi wa mashine, mtunza stoo na mhasibu, kila mmoja na lake. Alitwambia, mama wa mlangoni akikosea kununua hujilaumu mwenyewe, lakini wa ofisini huitwa kujieleza, kwa hiyo huyo humchekeshi, unamtoa hofu. Akawapikia sabuni isiyo na povu, maana povu huikaba mashine.

Mwaka juzi kifua chake kilianza kupiga filimbi, hata mjukuu aliyezoea kulala juu yake akawa anashtuka. Alipolazwa, baba mdogo alibeba beseni hadi kwa bosi wa hospitali, akakoroga, akamwita shemeji. Bosi alicheka, akaagiza hiyo ya povu. Povu lilipita chini ya mlango wa wafuaji hadi wodi ya wazazi, mashine mbili zikafa, nasi tukafukuzwa. Kisha baba mdogo akatangaza mtaani kwamba kaka yake amechanganyikiwa, amesahau vipimo.

Baba alimwita kitandani. "Fundi wa mashine alisemaje?"

"Fundi wa nini, kaka? Mimi nilimaliza na bosi."

"Bosi hafui. Uliwauzia kicheko, na aibu ukanipa mimi."

Baba mdogo alicheka, akaondoka. Hakurudi. Baba alifariki tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi. Mchana ule ule banda likawekwa kufuli jipya. Tulikuwa bado hatujamwosha.

Mama naye alikwenda kwa wafuaji, akaanza na fundi. Mkuu wao, ambaye yuko nasi hapa, alimjibu, "Ile tulijua si mikono ya Mzee. Leta yenu tuijaribu."

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake mmoja, ambaye tunamwomba mbele ya kaburi hili atoe ufunguo sasa hivi.

Mzee apumzike kwa amani. Sisi tukitoka hapa tunapitia bandani.