Octave Mulumbwa na Wafu Kumi na Tisa wa Lufira

Tarehe 31 Machi 1962, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bwana Octave Mulumbwa, karani wa ofisi ya wastaafu katika Kiwanda cha Magunia hapa Likasi, atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Aliajiriwa 1931 kubeba magunia. Akaletwa ofisini ilipogundulika kwamba kichwa chake kilikumbuka hesabu ya magunia vizuri kuliko daftari.

Tai yake nyeusi mnaijua. Aliifunga hata Septemba iliyopita, risasi zikilia mjini na ofisi imebaki na watu watatu, mmoja wao chini ya meza. Octave alimwomba huyo asogeze mguu, apate kufungua droo. Jina la mwenye mguu halina umuhimu hapa.

Lakini fahari yetu kubwa ni jedwali lake la umri. Mwaka 1960, bendera mpya ikiwa bado na mikunjo ya dukani, bwana mkubwa wa kiwanda aliagiza mpango wa nyumba za wastaafu mtaani Kikula kwa miaka ishirini ijayo. Jedwali la zamani lilisema mstaafu huishi miaka sita baada ya kuacha kazi. Basi nyumba thelathini zingetosha: huyu akifa, yule anaingia. Na mzee atakayechelewa kufa angetoka tu, ampishe mwenzake.

Octave alifungua daftari la vifo akaona ajabu: karibu wastaafu wote walikufa Januari. Ugonjwa gani huo unaosoma kalenda? Ndipo akakumbuka utaratibu wetu. Kila Januari mstaafu huja ofisini kugongewa muhuri kwenye kadi. Asiyeonekana mwezi mzima huandikwa marehemu. Na Januari ni mvua, njia ni tope, tena mahindi yanangoja palizi.

Akachukua likizo na baiskeli, akaelekea upande wa Koni. Katika nyumba ya kwanza alimkuta Barnabé Kyabu, marehemu tangu 1954, akishona wavu. Mzee alipoelezwa hali yake alimwita mkewe: “Mama Suzanne, leta kiti! Benye ofisi banakuya kunizika, na bukari ingali ya moto!” Octave aliutazama ule ugali, akaandika: “Hai. Anakula vizuri.” Kandokando ya mto Lufira alipata wafu wa namna hiyo kumi na tisa.

Aliporudi alipanga hesabu upya. Waliostaafu 1940 waliishi miaka kumi. Wa 1950, kwa maji safi na chanjo, walikuwa wakielekea kumi na miwili. Akauvuta mstari hadi 1980: miaka kumi na minane. Nyumba zinazohitajika: tisini.

Bwana mkubwa alicheka. “Mulumbwa, weye unataka batu basikufe?”

“Apana, Bwana. Nataka tubangoje bakufe kwanza, njo tubaandike.”

Akajibiwa kwamba mstari kwenye karatasi si watu. Haya. Januari 1961 Octave aliomba nafasi kwenye lori la mahindi linalotoka Koni, na asubuhi moja wazee kumi na tisa walisimama uani kwetu, wamevaa nguo za Misa. Octave akasoma majina kutoka daftari la vifo, bila haraka, na tarehe zake. Kila marehemu aliitika kwa Kifaransa kwamba yupo: “Présent!” Barnabé aliitika mara mbili, kwa usalama.

Kabla ya saa sita mchana, mpango wa nyumba tisini ulikuwa umetiwa sahihi, na lile sharti la miaka sita limefutwa kwa wino mwekundu. Leo misingi arobaini imechimbwa Kikula, na hakuna mzee aliyehamishwa kwa kosa la kuwa hai.

Sasa ni zamu yake. Kwa jedwali lake mwenyewe, Octave ana miaka kumi na minne mbele, hadi 1976, na mkewe, Mama Émérence, amekwisha kuarifiwa. Baba Octave, tunakushukuru sana. Miaka yote hii hatujakuta kosa katika hesabu zako. Tunakuombea hilo moja tu: kosa kubwa, la miaka ishirini kwenda juu, na sisi tuwepo kulisahihisha.