Flashi ya Abiria Mwenzake

Bajaji ilipoondoka Buguruni kwenda Kipawa, mwalimu Tusajigwe alikuwa ameipakata laptopu yake kama mtoto mwenye homa. Ndani mlikuwa na mtihani wa darasa la saba, na kila alipoufungua, matangazo ya dawa za kitambi yaliuziba.

"Nimeweka antivairasi tatu, zote za bure," alimwambia Muhsin, abiria mwenzake waliyefahamiana naye dakika tano zilizopita.

"Tatu zinakabana zenyewe, dada. Weka moja. Ulizitoa wapi?"

"Zilijitokeza kwenye skrini, zikasema mashine ina virusi."

"Basi ndizo zilizokuletea matangazo. Nzuri za bure zipo, ila ifuate kwenye tovuti ya walioitengeneza. Na ukiiweka, usibonyeze tu kubali, kubali. Soma, toa tiki kwenye vikorombwezo vyote wanavyokuongezea humo."

Tusajigwe aliona aibu. Hata mkataba wa nyumba aliusaini hivyohivyo. Lakini huyu anayezijua njia zote za wezi wa mtandaoni, alijiuliza, kazijulia wapi?

Muhsin akatoa flashi mfukoni. "Au chukua humu, ninayo. Bure."

Tusajigwe akaitia laptopu kwenye begi lake, akafunga zipu. "Si umesema niifuate kwa wenyewe? Hiyo flashi imeingia kwenye mashine ngapi?"

"Nyingi mno. Mie fundi wa kompyuta, mbovu zote huja kwangu."

Alilisema neno hilo kwa fahari. Tusajigwe alilisikia kama mtu anayeungama. Bajaji ikasimama Kipawa, mkono wa fundi ukiwa bado umenyooshwa, na wa mwalimu ungali kwenye zipu.