Papa Polycarpe na Darasa Lisilo na Mlango

Tarehe 30 Aprili mwaka huu Papa Polycarpe, mwalimu wa darasa la kwanza la maternelle katika shule yetu ya chekechea ya hapa Kadutu, Bukavu, amestaafu baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo alifundisha watoto wa miaka mitatu, na miaka yote hiyo darasa lake halikuwa na mlango. Gazeti letu la wafanyakazi limetaka kumuaga kwa maandishi, na kalamu nimepewa mimi, Gentil, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ualimu, niliyekuja kufanya stage, mazoezi ya kufundisha, katika darasa lake tangu Septemba.

Kwa nini mimi? Shuleni wapo maîtresse, walimu wa kike, waliofanya naye kazi tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Maman Eulalie, directrice na mkuu wa shule yetu, alisema ni kwa sababu ninaandika Kiswahili kizuri. Kiswahili changu aliwahi kukisoma wapi? Mimi nadhani sababu ni nyingine: ukimwacha sentinelle wa getini, shule hii ina wanaume wawili tu, na mmoja ndiye huyu anayeondoka. Basi msomaji ajue mapema kwamba anayeandika hapa ni mtu wa kushuku. Hata sifa nitakazozitoa nimezichunguza kwanza.

Papa Polycarpe alizaliwa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, akaja kusomea ualimu Bukavu, na alipomaliza aliomba mwenyewe kupewa watoto wadogo. Hapo ndipo watu walipoanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Mwanamume mzima, mwenye masharubu na diploma, anaacha sekondari ambako angeitwa prof, anakwenda kupangusa kamasi? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, kwa hiyo yalisemwa mengi. Wengine walisema alifukuzwa seminari. Wengine walisema alikimbia machimbo ya Kamituga na sasa anajificha katikati ya watoto. Kamati ya wazazi ilidai kila asubuhi mama mmoja akae darasani kumwangalia.

Mimi siilaumu kamati ile. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kujieleza, na mzazi asiyefungua macho anajitafutia majuto. Papa Polycarpe naye hakuilaumu. Alikubali, halafu akafanya zaidi ya alichoombwa: aliazima bisibisi, akaung'oa mlango wa darasa na kuupeleka jikoni. Wapishi wa uji wakaufanya meza ya kupangia vikombe, na meza hiyo ipo hadi leo. Tangu siku ile kila aliyepita uani aliona darasa lote hadi ukuta wa nyuma, na mvua ya Bukavu iliingia bila kubisha hodi.

Mama wa kwanza kupewa zamu alikuwa Maman Amisa, mfanyabiashara wa vikwembe, vile vitenge vya kina mama, wa familia ya Kiislamu iliyotoka Uvira. Mwanawe Abdulhamid alikuwa darasani. Maman Amisa alikuja na kiti chake mwenyewe, na hakukaa zamu yake tu, alikaa muhula mzima pamoja na zamu za wenzake. Papa Polycarpe hakumwacha akae bure. Alimpa kamba za viatu za kufunga, pua za kupangusa, na sauti ya pili katika nyimbo. Muhula uliisha, kiti kikabaki. Leo Abdulhamid ni baba, binti yake Nyota yuko katika darasa lilelile, na Maman Amisa ndiye rais wa kamati ya wazazi. Bado kila asubuhi akimleta mjukuu wake anakaa kidogo kwenye kiti kile, anatazama kila pembe, kisha ndipo anakwenda sokoni. Mtu anayeshuku muda wote huo bila kuchoka ninamvulia kofia.

Sasa tuje kwenye kazi. Katika madarasa mengine watoto hujipanga mistari miwili asubuhi, wavulana huku na wasichana kule. Papa Polycarpe pia alikuwa na mistari miwili: waliolala vizuri, na ambao hawakulala vizuri. Mtoto alijichagulia mwenyewe. Wale wa mstari wa pili ndio aliowasalimu kwanza, mmoja mmoja, akichuchumaa mbele yao. Nilipofika nilidhani ni ujanja wa kuwafurahisha wazazi, nikaamua kufuatilia. Nikaona mtoto aliyejipanga mstari wa pili siku kadhaa mfululizo akipelekwa kwa muuguzi na kukutwa na malaria. Hapo nikaanza kujiuliza. Mimi nimepangwa mstari wa wavulana tangu maternelle mpaka diploma ya sekondari, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nimelala.

Chuoni kwetu kuna somo zima kuhusu mambo haya, kwamba tusiwafunge watoto katika kazi za kike na kazi za kiume. Mwalimu alilifundisha vizuri sana, na kengele ilipolia akawaagiza wasichana wafagie ukumbi na wavulana wabebe viti. Ndiyo maana siamini somo mpaka nimwone mtu analiishi.

Kwa Papa Polycarpe nililiona. Mtoto mmoja wa kiume alipenda kumbeba mwanasesere mgongoni, amemfunga kwa kikwembe kama mama anayekwenda sokoni. Siku moja baba yake, dereva wa pikipiki, alipita uani, akaona, akaingia moja kwa moja na kofia yake ya pikipiki kichwani. "Munageuza mutoto wangu mwanamuke?" Papa Polycarpe alimkaribisha kwa upole, akamuuliza yeye mwenyewe utotoni alimbeba nani. Yule baba alitaja wadogo zake wawili, ambao aliwabeba kwa zamu njia yote walipokimbia vita kutoka Kalehe. Alivua kofia, akamrekebishia mwanawe fundo la kikwembe lililokuwa linalegea, akaenda zake. Katika darasa hilohilo kulikuwa na msichana asiyetaka hata kumgusa mwanasesere. Kazi yake ilikuwa kugonga vijiti kwenye ubao kwa nyundo ya mti kuanzia asubuhi mpaka uji. Hakuna aliyewaambia wabadilishane.

Vituko navyo havikukosekana. Kwa kuwa watoto wa maternelle wanajua anayefundisha ni maîtresse, walimwita Maîtresse Polycarpe. Inspekta mmoja aliyewauliza maîtresse wao yuko wapi aliona vidole vyote vikielekea kwenye masharubu, akashuku kwamba wamefundishwa utovu wa adabu. Na kila tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, vikwembe vya sikukuu vilipogawiwa, Papa Polycarpe alipanga foleni pamoja na wenzake, akapokea chake, akashonesha shati, akaandamana nao mjini huku akiimba kuliko wote.

Lazima iwepo sababu, nilijiambia. Mtu haamki tu akachagua maisha ya namna hii. Januari nilijikaza nikamuuliza. Alijibu huku akimfuta mtoto uji kidevuni: "Gentil, kuko banaopenda samaki, kuko banaopenda maharagi. Miye napenda hii kazi." Nilingoja aendelee, hakuendelea. Nilisikitika, maana nilitaka angalau jeraha la zamani, kifo, nadhiri, kitu cha kueleweka. Baadaye nikaona kwamba mwanamume akipenda mpira hatumuulizi ni msiba gani uliompata.

Nilikuwa na haja yangu katika swali lile, nayo nitaisema. Mimi pia naipenda kazi hii, na kwa sababu ileile ya samaki na maharagi. Baba yangu akisikia neno pédagogie anaiona ofisi ya préfet, mkuu wa sekondari, na kiti kinachozunguka, na habari za kamasi sijamfikishia bado. Karatasi ya kustaafu ya Papa Polycarpe ilipofika, niliomba nilishike darasa lake. Maman Eulalie alinijibu kwamba kamati ya wazazi ndiyo itakayoamua, kisha akageuza mazungumzo. Mtu akigeuza mazungumzo na mimi, silali.

Baada ya Pasaka nilimkuta seremala darasani akipima mahali pa mlango. Dalili ya mvua ni mawingu. Siku hiyohiyo Maman Eulalie na Maman Amisa walikuwa wakinong'ona karibu na jiko, na nilipowakaribia wakaanza kusifia nyanya. Nilipouliza, seremala aliniambia aliyeagiza mlango ni Maman Amisa. Haikuhitaji kusoma chuo: darasa lilikosa mlango kwa sababu mwalimu ni mwanamume, na sasa mlango unarudi, basi mwalimu anayekuja ni mwanamke. Mlango wenyewe ulikuwa mzuri, wa mbao za libuyu, na una kioo usawa wa macho ya mtu mzima. Kioo nacho nilikishuku. Nilikuwa na hasira, na wiki ile niliwafundisha watoto wimbo mmoja tu, wa huzuni.

Siku ya remise et reprise, yaani kukabidhiana kazi, tulikusanyika darasani wazazi, maîtresse na watoto wakiwa kwenye mikeka. Mlango mpya ulikuwa umeachwa wazi kwa heshima ya mazoea. Maman Eulalie alianza hotuba, na kabla hajafika kwenye jina la atakayemrithi Papa Polycarpe, mvua ilishuka pamoja na upepo wa ziwani, ikaingia kama ilivyozoea. Watoto wakaanza kubanana. Maman Amisa akasimama kutoka kwenye kiti chake. Nikajiambia, haya, ndio sasa.

"Papa Polycarpe," alisema, "uliacha mulango wazi juu yetu. Leo funga. Batoto banasikia baridi." Kisha akanigeukia. "Na wewe Gentil, ubaki mu ndani, uone vile banafunga. Kuanzia sasa iko kazi yako. Kamati imekubali."

Akawaamuru watu wazima wote watoke wakasimame barazani, pamoja na directrice na hotuba yake. Yeye alitoka wa mwisho. Alikiinua kiti chake, akakitikisa maji, akatoka nacho.

Papa Polycarpe alikwenda mlangoni, akakishika kitasa, akakiachia, akakishika tena. Akafunga. Kelele za mvua zilibaki nje, na darasa likawa na joto ambalo sikuwahi kulisikia mle ndani. Alibaki ameupa uso ule ubao wa libuyu, na mabega yake yakawa yanatikisika. Alikuwa analia, na mimi pia sikuwa mbali. Kuhusu kioo aliniambia baadaye kwamba aliyekiomba ni yeye mwenyewe. "Mutu wa hii kazi haogope macho," alisema, na hilo nimelipokea bila kulichunguza.

Wa kwanza kumfuata pale mlangoni alikuwa Nyota. Alimvuta shati, akamtazama machozi, akamuuliza: "Maîtresse, haukulala muzuri?" Papa Polycarpe alijibu kwamba hapana, hakulala. Nyota akamshika mkono, akamsimamisha mahali pa mstari wa pili. Kisha akachuchumaa mbele yake, ingawa kwa kimo chake hakuwa na haja ya kuchuchumaa, akamsalimu wa kwanza.

Kwa niaba ya watoto, maîtresse wote, wapishi wa uji na kamati ya wazazi, tunamshukuru Papa Polycarpe kwa miaka aliyotupa na kwa baridi aliyoivumilia kwa ajili yetu. Anasema anarudi Idjwi kulima mananasi na kwamba hatatufikiria hata kidogo. Mimi siyaamini maneno hayo, na mananasi yenyewe nayahurumia, kwa maana atayapanga mistari miwili.

Papa, tunakutakia afya, mvua za kiasi, na usingizi mzuri kila usiku. Lakini asubuhi utakayoamka hukulala vizuri, panda boti uje, mstari wako unaujua. Ukifika, ubishe hodi. Sasa tuna mlango.